Kichwa cha Zipu Nilikificha Mimi

Baba yangu,

Zipu ya jaketi yako haikuharibika yenyewe. Niliiharibu mimi. Hili sijamwambia mtu yeyote, na hata nikiomba huwa nalipita kando.

Ilikuwa Jumapili jioni. Niliivaa hiyo jaketi ya kijani nikijitazama kwenye kioo chenu, kwa sababu ilinifanya nionekane mtu asiyeogopa kusema. Nikasikia sauti yako uani. Badala ya kushusha zipu, niliipandisha kwa nguvu. Vile vichuma vya juu vya kuzuia kichwa cha zipu vilikuwa vimeng'oka kitambo, kwa hivyo kichwa kiliteleza kikatoka, kikabaki mkononi mwangu. Nikaachanisha meno kwa kucha, nikairudisha jaketi kwenye msumari. Kichwa nikakiweka chini ya mto wangu. Nilipanga kukueleza kesho yake.

Lakini kesho yake ulikuwa unaenda Burnt Forest kuchukua viazi, na lori lilifika kabla ya alfajiri. Nilikuwa macho. Nilikuona kupitia pazia linalotenganisha kitanda changu na chenu, ukimulika sakafu na simu.

"Mama Chebet, kichwa cha hii zipu kimeenda wapi?"

"Sijui. Vaa tu hivyo, jua litatoka."

Dereva akapiga honi. Ulimulika hadi karibu na kitanda changu, ukauliza polepole, "Chebet, hujakiona?" Nikajifanya nimelala, baba. Kilikuwa chini ya shavu langu, baridi kama barafu.

Ungekirudisha kwa dakika moja, najua. Nilikuwa darasa la nne ulipotengeneza zipu ya begi langu na uma. Ulichomeka kichwa kwenye meno ya uma ili kisicheze, ukaniacha niingize utepe wa zipu mwenyewe.

"Baba Chebet, huo uma ni wa wageni," mama akasema.

"Na hii zipu si mgeni? Imekuja kututembelea ikiwa mgonjwa."

Mama alicheka hadi akaketi. Sikumbuki mara ya mwisho alipoketi hivyo.

Mvua iliwanyeshea mkipakia. Ulirudi na kifua kinakwaruza, na baada ya wiki mbili ilikuwa ni hospitali, kisha ni watu wengi hapa nyumbani wakiniambia nijikaze.

Leo watu wa kwenu wamekuja kugawa nguo zako. Mashati yameenda, viatu vimeenda. Baba Mdogo akaomba jaketi, kwa heshima kabisa. Shangazi wa Moiben akaishika, akaona zipu haina kichwa. Unamjua mdomo wake.

"Kwa hivyo ndugu yangu alitoka kwenye baridi kifua wazi. Mke mzima, na nyumba haina hata pini?"

Nilifikiri mama atamjibu. Siku zote humjibu. Lakini alisema, "Ni mimi nilimwambia avae hivyo," na kisha hakuinua macho tena. Nilikuwa nimesimama na trei ya chai, na nilijua jibu, na mdomo wangu ukakataa kama kawaida yake.

Nikasema tu, "Niipeleke nikaitengeneze?" Shangazi akasema, "Saa hii ndio mnatengeneza?"

Nimechukua uma kwenye kabati, na kichwa pale nilipokificha. Mara ya kwanza nilikiingiza juu chini. Mara ya pili kikapita, nikakishusha upande mmoja hadi mwisho, nikashona mafundo ya uzi pale juu kisitoke tena. Meno yalikuwa yanafunguka nyuma yake, basi nikakibana na koleo kidogo kidogo. Uliniambia zamani, "Usikaze, bembeleza." Nikabembeleza. Sasa inafunga kutoka chini hadi shingoni.

Nilidhani ikifunga nitapumua. Badala yake naona vile itakavyokuwa. Nitaipeleka, Baba Mdogo ataivaa, watanisifu kwamba nina mikono yako, na mama atabaki na lile neno lake mpaka azeeke. Daktari alisema mapafu yako yalikuwa na shida ya muda mrefu. Sijui. Pengine baridi ile haikufanya kitu. Lakini mama anaamini ilifanya, na anaamini ni yeye, na mimi ndiye ninayejua kwamba kichwa kilikuwa hatua tatu kutoka mahali mlipokuwa mmesimama.

Siwezi kuyasema, baba. Unanijua. Ndiyo maana nimeyaandika.

Mama ananiita kwenye korido. "Chebet, bado tu?" Na nyuma yake kuna malapa ya shangazi, yale ya kuburuta.

Nilikuwa nimeshasukuma hii karatasi chini ya godoro, nusu yake. Nimeitoa. Nimeiweka juu ya jaketi, maandishi yakitazama juu, na kalamu bado iko mkononi kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.

Kitasa kinazunguka.

Ni mimi binti yako, ambaye hakuwa amelala.