Wali wa Gấc na Jua la Mashamba ya Chumvi

Nhài, nimejifungia chooni. Nimekwisha.

Wazazi wa mchumba wangu wamefika na tambuu na chai ya posa. Mama yake Khiêm ana miaka hamsini na nne, mimi thelathini na moja. Nimemfungulia mlango, kaniambia, "Shikamoo, dada."

Shikamoo. Mimi.

Si wewe uliyesema tunda la gấc, lile lenye nyama nyekundu ya kupaka wali rangi, linakinga ngozi kutokea ndani, jua lisiizeeshe? Miezi sita nala wali wa gấc asubuhi na jioni, na kitambaa cha uso nikakitupa. Wenzangu kwenye mashamba ya chumvi wamejifunika hadi macho, mimi nawacheka. Sasa nina makunyanzi, na viganja vimekuwa rangi ya chungwa.

Halafu akauliza, "Bibi harusi wetu yuko wapi?"

Nikamjibu, "Anavaa."

Sijui kwa nini nilisema hivyo, Nhài. Anavaa.

Khiêm alikuwa nje anaegesha pikipiki. Ameingia sasa hivi, namsikia: "Mama, umeshamwona Thắm?"

"Bado. Nimemwona mama yake tu. Mtu mpole, ila jua limemla."