Tangazo Lisikwame

Jumatatu, 2 Februari 2026
Nimekwama tena hewani! Tangazo la kifo, mzee wa Kasekese. Naenda vizuri, mara kwenye kioo cha kompyuta maneno yameachana kama meno ya bibi — nikasita. Halafu jina la mwanawe limekatwa, nusu juu, nusu mstari wa chini. Nikasoma Machi... nikameza mate... bya. Jamani! Mama mmoja kapiga simu toka Ugalla: huyo dada anasita nini, hana uhakika kama mzee amekufa?

Mzee Anicet, mkuu wa vipindi, anasema macho yangu yamechoka. Nikiendelea hivi, matangazo atasoma Melkior, mtangazaji mwenzangu. Miaka yote hii kwenye maiki! Nimelia chooni.

Jumanne, 3 Februari
Daktari kasema macho mazima. Basi ni kichwa?

Jumatano, 4 Februari
Si macho wala kichwa! Audace, fundi mitambo wetu, kasimama nyuma yangu nikisoma. Kumbe ile programu mpya inanyoosha maandishi pande zote mbili. Ili kulia kunyooke, inatawanya maneno, na marefu inayakata. Na Kiswahili chetu kwa maneno marefu! Kabonyeza: mistari ianzie kushoto, iishie inapoishia. Kukata maneno, kazima. Upande wa kulia umekuwa msumeno, mbaya kweli — lakini nimesoma bila kugusa breki! Nimemshukuru mpaka kaona aibu. Nimempa chupa ya asali. Anampelekea mama yake kule Kawajense, msikilizaji wetu wa matangazo ya vifo, hakosi hata siku moja.

Ijumaa, 6 Februari
Sijakwama hata mara moja. Mzee Anicet hamtaji tena Melkior. Mungu ni mwema, na Audace pia. Mama yake katuma salamu: asali tamu, na siku hizi Rozalia anasoma kama mtu aliyekula. Nimecheka!

Jumatatu, 9 Februari
Naandika nikiwa studio, wimbo unaishia. Mama yake Audace amefariki alfajiri. Presha, ghafla tu. Mzee Anicet akataka asome Melkior, tangazo hili lisije likakwama. Audace akakataa: asome Rozalia, mama alimzoea.

Tangazo kaliandika mwenyewe. Kulia msumeno. Suzana Ntakirutimana — jina zima, mstari wake peke yake. Asante, kaka yangu. Yuko ng'ambo ya kioo cha studio, kaja kazini hivyo hivyo, kidole juu, tayari kuniashiria nianze.

Maandishi yametulia. Ila sasa macho ndiyo yanajaa maji, na taa nyekundu ya hewani imewaka