Jina la Fahardine kwenye Kompyuta ya Mutsamudu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana hapa Moroni sina wa kumwambia jambo hili.

Mimi ni karani wa vyeti vya kuzaliwa, na kabla wenzetu wa kisiwa cha Nzuani hawajatangaza kujitenga nasi nilikuwa nikiunganisha kompyuta yangu kwa laini ya simu na kompyuta ya ofisi ya Mutsamudu, mji mkuu wao, ambako hifadhidata ya waliozaliwa kule inakaa, na kwa kuwa nenosiri langu liligoma kila laini ilipokatika, mwenzangu wa huko, Fahardine, alinipa lake, herufi moja moja, akicheka, akasema, "Usiliandike popote, dada. Liweke pale ulipoiweka Fatiha." Kisha wakubwa wakagombana, tukakatazwa kuwasiliana, lakini watu wa Nzuani wanaoishi huku hawakuacha kuja dirishani, mama mmoja akalia kwamba bila cheti mwanawe hatafanya mtihani, nikajaribu laini, ikaita, nikaingia kwa jina la Fahardine, na tangu siku hiyo nimeingia mara kumi na moja kutoa vyeti, bila yeye kujua.

Sasa mkuu wangu, mzee Mouigni, ameviona vyeti hivyo, na badala ya kunikaripia amefunga mlango akaniagiza Jumatatu nimtolee orodha ya wanaume wote wa Mutsamudu wa miaka kumi na minane hadi thelathini, pamoja na mitaa yao. Nikauliza ya nini.

"Ni majina tu, mwanangu. Au na wewe uko upande wa mama yako?"

Mama yangu ni wa Mutsamudu. Nikikataa nitaitwa msaliti, na nikikubali kompyuta ya kule itaandika, kama inavyoandika kila mara, kwamba aliyefungua ni Fahardine, na simu ilitoka Moroni. Wenye bunduki kule hawatakuja kuniuliza mimi. Simu zinasikilizwa, na njia ninayoijua ya kumwonya Fahardine ni moja, dada yake Nouria, aliyeolewa hapa jirani Ikoni, ambaye anapanda meli Ijumaa kwenda kwao. Au niingie mara moja tu, nifute alama zangu?

Karani mwenye hofu

Binti yangu, majina yote nimeyabadilisha, na jibu hili limekufikia kwanza kwa mkono, kabla ya kuchapishwa.

Usiingie tena, hata kufuta. Hiyo itakuwa mara ya kumi na mbili, na atakayeulizwa ni yeye yule. Ulimhurumia yule mama, nami ningemhurumia, lakini huruma yako uliitoa kwa jina la mtu mwingine, naye hana habari. Usilipambe kosa hilo.

Nenda Ikoni leo. Mweleze Nouria kwa mdomo, usimpe karatasi. Fahardine abadilishe nenosiri Jumamosi asubuhi, na ajue siku zote ulizoingia, asije akazisikia kwanza kwa askari. Nouria akikutukana, nyamaza, ana haki.

Jumatatu kaa kwenye kiti chako, mkuu wako asimame nyuma yako, andika lile nenosiri la zamani, kompyuta ya Mutsamudu imkatalie yenyewe.

Na meli isipoondoka? Basi usiguse kitufe hata kimoja. Mwambie hapana, akuite msaliti. Neno hilo utalibeba wewe, ukiwa hai, nyumbani kwako. Ukikubali, Fahardine hatapewa nafasi hiyo.