Mafuta ya Breki Kwenye Kabati Langu

Makongeni, Nairobi
Jumatatu, tarehe 17 Julai

Kwako mdogo wangu Phelister,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo, wewe huko Mumias na mimi hapa Makongeni. U hali gani? Na shemeji Mulama, lile goti limetulia, au bado linamtangazia mvua kabla ya mawingu? Mahindi mmeyapalilia mara ya pili? Sisi huku tuzima. Mimi mwili hauna neno, ila chakula hakishuki, na sababu utaiona mbele.

Najua utashangaa kuletewa barua na kondakta wa basi wakati simu ninayo, tena mwanangu Kweyu alininunulia ile kubwa ambayo hakuna mama mwingine wa ploti hii aliye nayo. Jumamosi si nilikupigia mara mbili? Mara zote mbili niliishia kukuuliza habari za kuku. Mdomo wangu una mazoea yake, Phelister. Karatasi angalau hainijibu. Na wewe mara ya pili ukanidokezea kwamba Mulama amepata mtu wa kununua sanduku la spana la Job siku ya soko, kwa sababu kijana aliyefukuzwa kazi kwa uzembe hana haja ya spana, akate miwa kama wenzake. Dada yangu, nakuomba kabla hujasoma mstari mwingine: sanduku hilo lisitoke nyumbani. Mwambie Mulama ni mimi nimesema. Sasa keti.

Unamjua Kweyu wangu. Sijisifu, nasema tu yaliyopo. Mzee Wanyoike ana mafundi saba katika gereji yake hapa karibu na Jogoo Road, lakini gari la maana likiingia anaita jina moja. Na nikisema Kweyu namaanisha Job pia, maana tangu mwanao aje kwangu miaka minne iliyopita wamekuwa kama mkono wa kulia na wa kushoto. Basi mwezi wa tano akaja kijana anaitwa Keynan, anauza nguo za jumla Eastleigh. Ana Subaru ya turbo, ya buluu, ambayo Jumapili nyingine huipeleka uwanja wa mbio kushindana na saa. Alilalamika kwamba akikanyaga breki mguu unazama kama kwenye ugali ambao haujaiva.

Usiku huo wakati wa chakula vijana wangu walinifundisha. Kweyu alisema, mathe, breki si chuma tu, ni mafuta. Ukikanyaga, mafuta ndiyo yanayobeba nguvu ya mguu hadi kwenye gurudumu. Gari la mbio likifunga breki tena na tena vyuma vinawaka kama jiko, na mafuta mabaya yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hayasukumi kitu. Akasema mafuta hayo yana namba, kuna tatu, kuna nne, kuna tano. Mimi nikasema basi chukueni tano, kubwa ni kubwa. Walicheka hadi Job akapaliwa. Lakini ni Job huyo huyo aliyenieleza kwa heshima kwamba namba hizo si kama madarasa ya shule, kwamba ile tano yenyewe ni kitu cha aina nyingine kisichochanganyika na yaliyomo ndani. Wakachagua nne, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio, inayovumilia zaidi ya nyuzi mia tatu kabla ya kuchemka.

Kisha Kweyu akasema jambo moja, na usije ukadhani sikulisikia. Nililisikia vizuri sana. Alisema mafuta haya yana kiu. Ukifungua chupa tu, yanaanza kunywa maji yaliyomo hewani, na yakishakunywa maji yanachemka mapema. Ndiyo maana chini ya kifuniko huwekwa karatasi ya fedha ya kuziba, na haibanduliwi mpaka siku ya kazi.

Job alinunua chupa mbili kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Keynan akasafiri kwenda Dubai kuchukua mzigo, gari likabaki kumsubiri, na wewe unajua gereji za huku, kitu kizuri kikilala pale kinaamkia kwa mwingine. Kwa hiyo zile chupa zikaja kukaa kwangu, kwenye kabati la vyombo vya wageni. Zilikaa zaidi ya mwezi.

Siku ya kazi nilienda na thamosi ya chai ili nione. Ungekuwepo! Job ndani ya gari, Kweyu amelala chini kwenye gurudumu la nyuma, lile lililo mbali zaidi na chombo cha mafuta, kwa sababu huanzia mbali. Kweyu anaita kanyaga, Job anajibu nimekanyaga, Kweyu analegeza nati kidogo, na mafuta ya zamani yanatoka kwenye mpira mweupe, meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika. Anakaza nati, anaita achia. Kila baada ya kukanyaga mara chache Job anatoka mbio kuongeza mafuta kwenye chombo ili kisikauke hewa ikaingia. Gurudumu baada ya gurudumu, hadi yakatoka safi rangi ya asali. Nilisimama pale nikiwaambia wapita njia kwamba wale wawili ni wangu. Mzee Wanyoike mwenyewe aliingia akakanyaga, pedali ngumu kama jiwe, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumapili iliyofuata, mzunguko wa saba, Keynan alikanyaga akitaka kukata kona na pedali ikaenda hadi sakafuni. Gari lilipasua ukuta wa matairi likajibamiza kwenye tuta. Alivunjika mfupa wa bega na mbavu mbili. Mungu alimwacha hai.

Jumanne gari likaletwa likiburutwa. Wanyoike aliyafyonza mafuta kidogo, akatumbukiza kidude chake kama kalamu, na taa ikawaka nyekundu. Maji. Akauliza ni nani aliyeshika chupa. Watu wote walijua ni Job. Akamuuliza kama aliifungua mapema akaiacha wazi, na Job akainamisha kichwa akasema, ni mimi, mzee, nisamehe. Hilo mlilolisikia huko, kwamba alikuwa amelewa kazini, sijui nani aliliongeza njiani. Lilitoka Makongeni bila miguu, likafika Mumias likiwa na baiskeli. Job hanywi, Phelister. Wewe ulimlea na mimi nimeishi naye. Ulipomwambia haruhusiwi tena kugusa gari la mtu, ulimwambia mtu asiye na kosa.

Chupa niliifungua mimi.

Mwezi wa tano ukiisha, chama cha akina mama kilikutana kwangu, ilikuwa zamu yangu. Asenath, yule jirani wa mlango wa tatu, alikuja na picha za mwanawe aliye Qatar, amevaa kofia ya kazi mbele ya jumba lisilo na mwisho. Simu ikazunguka, kila mtu anasema ooh, na chapati zangu zinapoa hakuna anayezisifu. Moyo ukaniwasha. Nikasema wangu hahitaji kuvuka bahari, magari yanayokimbia kama ndege yanaletwa kwake hapa hapa. Nikafungua kabati nikatoa chupa moja. Asenath akaitazama, akasema kwani hiyo si chupa tu kama ya sabuni ya vyombo? Wenzake wakaangua kicheko.

Basi nikabandua karatasi ya fedha kwa kisu. Nikachukua glasi ya chai niliyokuwa nimetoka kuisuuza, ikichuruzika maji, sikuipangusa, nikamimina. Ilizunguka mkono kwa mkono kama simu ya Asenath. Wakaiinua dirishani kwenye mwanga. Asenath akanusa, akasema, kumbe. Neno hilo moja ndilo nililokuwa nikilitafuta mchana kutwa. Walipoondoka niliyarudisha yote ndani ya chupa pamoja na maji ya ile glasi, nikaibandika karatasi kwa gundi, nikafunga. Nilijiambia glasi ni safi, imeoshwa. Phelister, mimi ni mtu wa darasa la saba lakini si mjinga, na mambo ya kiu nilikuwa nimeambiwa mezani kwangu.

Kuna baya zaidi. Asubuhi ya kazi Job alipokuja kuchukua chupa alifungua kifuniko hapo hapo mlangoni, akaona karatasi imeinuka pembeni. Akaniuliza taratibu, Mama, kuna mtu ameifungua hii? Nikamrukia. Nikamuuliza kama anadhani mtu mzima kama mimi nachezea vitu vya watoto, nikamwambia labda alipunjwa dukani kwa kuzubaa. Akaniomba msamaha! Yeye aniombe mimi msamaha. Kwetu dada wa mama yako ni mama yako, hivyo ndivyo tulivyolelewa na hivyo ndivyo ulivyomlea, na kwa kuwa mama yake amesema, akaenda akayamimina.

Wanyoike alipouliza, nilikuwa nimesimama pale pale langoni na thamosi yangu. Kabla Job hajajibu alinitazama. Hakunikodolea macho, alinitazama tu, muda wa kutosha mtu kusema neno. Mimi nikashughulika na kifuniko cha thamosi. Ndipo akasema ni yeye. Aliyajua yote, na akaona heri afukuzwe kuliko kumuumbua mama yake mbele ya wanaume. Jioni akafunga nguo zake, akanishukuru kwa kumkalisha miaka minne.

Wiki mbili nimekula na hilo. Leo asubuhi nilienda gereji kabla hawajaanza kazi nikayasema mbele ya wote. Wanyoike akasema nafasi ya Job iko wazi tangu leo, lakini yeye hatamwita. Aitwe na aliyemfukuzisha. Kweyu alinigeuzia mgongo. Alichukua spana akaingia chini ya pikapu ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, na hakutoka mpaka nilipoondoka. Kesho nakwenda Eastleigh kwa Ruqiyo, mama yake Keynan. Sijui nitaanzia wapi, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Na Asenath atafurahi mwaka mzima. Na afurahi.

Sasa ninachokuomba. Barua hii usimpe Job aisome peke yake. Mwite Mulama aisome yeye, kwa sauti, Job akiwa ameketi kwenye kiti kama mtu mzima, na wale majirani waliosikia habari za ulevi waitwe pia. Akifika kwenye glasi asiruke. Ijumaa mimi mwenyewe napanda basi nije kumpigia Job magoti, maana jambo hili halitoshi kutumwa na kondakta. Akikataa kurudi Nairobi ana haki. Akiniita jina lingine badala ya Mama, nitaitika.

Na wewe, mdogo wangu, ulimleta mwanao kwangu ukisema amekuja kwa mamaye. Ukitaka kunifungia mlango Ijumaa, nitakaa nje mpaka ufungue.

Msalimie Mulama, wasalimie watoto wote, na kanisa lote.

Kila barua huimalizia kwa jina la Mama Kweyu, kwa sababu jina hilo nalipenda kuliko kanga zangu zote. Leo sitaliandika. Kweyu hakufungua chupa.

Ni mimi dada yako,
Nekesa