Vifungo Vitano Visivyo na Namba

Ijumaa, 16 Mei

Gernot, mkwe wangu, kapiga simu saa nne. "Baba, njoo. Usimwambie mtu." Nimekwenda na baiskeli. Kwenye shimo la msingi wa nyumba yao: mfupa wa paja, taya yenye meno mazuri, vifungo vitano vya shaba. Nimevisugua. Havina namba. Vya Wafaransa huwa na namba ya kikosi — basi huyu ni wa kwetu! Koti jeupe la jeshi letu, Julai 1809, vita vya Wagram dhidi ya Wafaransa, hapa hapa mashambani. Nimefurahi kama mtoto. Nikavitia mfukoni, kosa ninalowakaripia wengine kila siku pale kwenye makumbusho yangu ya vita.

Halafu nikamwona binti yangu Verena na tumbo lake la miezi saba. Hakufurahi hata kidogo. Zege linamwagwa Jumatatu.

Jumamosi, 17 Mei

Verena kaja na fungu la asparaga, mboga ya msimu huu, na maneno. Watu wa mambo ya kale wakisikia, ujenzi unasimama. Bibi Hölzl, jirani, alisimamishiwa ujenzi miezi kumi na minne kwa mifupa kama hii. Nani alimripoti? Mimi. Hata gazetini nilijisifu.

"Sasa mwanangu alale wapi, Baba? Kwenye makumbusho yako, kabatini na mapanga?"

Nimecheka. Yeye hakucheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Asparaga sijazimenya.

Jumapili, 18 Mei

Siku ya kufungua makumbusho. Wageni tisa. Risasi, kofia, ramani kubwa. Nimesema ninayoyasema kila Jumapili kwa miaka ishirini na miwili: maelfu walifukiwa mashambani bila jina, na kila mmoja alikuwa mtoto wa mtu. Leo nimekwama hapo hapo. Mtoto wa mtu. Nimekunywa maji, nikaendelea.

Mlangoni kuna tangazo, mwandiko wangu: UKIKUTA MFUPA, SIMAMA, PIGA SIMU. Mgeni mmoja kalipiga picha. Kasema ni zuri.

Jioni nimepita kiwanjani kwa Gernot. Bibi Hölzl kanisemesha kutoka upande wa pili wa uzio, mara ya kwanza kwa miaka miwili. "Mwalimu! Mbona shimo la mkweo limefunikwa turubai? Mvua yenyewe hatujaiona tangu Pasaka!" Nimejibu ni kwa ajili ya jua. Jua! Aibu gani hii uzeeni.

Jumatatu, 19 Mei

Saa moja na nusu asubuhi. Naandika juu ya goti, ukingoni mwa shimo. Sikulala vizuri. Gernot keshaondoa turubai. Taya iko pale pale, inatazama juu. Lori la zege liko langoni, pipa lake linazunguka. Verena yuko ndani ya gari lao, hataki kuniangalia.

Vifungo viko mfukoni, vyote vitano. Simu mkono wa kushoto, namba ya watu wa mambo ya kale nimeshaibonyeza, bado kupiga tu. Dereva anauliza amwage au vipi, zege halimngoji mtu. Nimemwambia anipe dakika tano, nimalize kahawa.

Kahawa yenyewe sikuja nayo.