Njia Nne katika Mashine ya Alhaji

Kampala

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

"Mashine haina ndugu wala haina njaa. Ikitoa njia mbaya, kuna mtu aliyeiuza." Ndivyo Alhaji, mwenye magari, alivyosema kule Beni mbele ya madereva wake wote, na mtu anayemtaja ni Kavira, binti yako, karani wa mashine yake. Nimesoma maneno hayo katika barua yako mpaka uji wangu ukaganda. Nusu yake ni kweli: mashine haina ndugu. Nusu ya pili ni uongo, na leo nitaivunja.

Lakini kwanza, umeamkaje, yaya? Mgongo unakuachia ulime? Huko Bulengera mnalala vizuri, au bado mnalala na viatu miguuni? Mimi niko. Ninatengeneza kompyuta za watu katika chumba kisicho na dirisha, na kila asubuhi jirani yangu ananiuliza vita vyetu vitaisha lini, kana kwamba mimi ndiye niliyevificha. Tunagombana, kisha tunagawana ndizi.

Barua yako ilinipeleka mbio kwenye phonie, redio ya kuitana mji kwa mji. Unajua phonie ilivyo: ukiongea, mji mzima unasikiliza. Nilimwita Kavira; phonie ya Beni iko chumba kimoja na mashine ya Alhaji, na bado wanamwacha aiguse. Alianza kwa kulia.

"Tonton, mjomba wangu, mi sikuuzisha njia! Niliita programu sawa vile siku zote."

Programu yenyewe inaitwa Njia. Inamtolea kila dereva karatasi ya barabara atakayopita, na madereva wanaifuata kwa sababu bureau, ofisi ya Alhaji, ndiyo inayopata habari za njia. Siku ile karatasi ililipeleka gari la kwenda Kasugho kwenye barabara iliyokwisha kufungwa. Wenye bunduki wakapora mizigo, mama wauzaji wakarudi kwa miguu. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Lakini Alhaji sasa anataka kumkabidhi mtoto kwa wanajeshi.

"Ambia mashine itafute hilo jina pote," nikamwambia. "Iko ngapi?"

"Iko ine, tonton."

"Ine, nne nzima! Nani aliziweka?"

"Alhaji mwenyewe. Basoda ba jeshi balipopora depo, akasema kila kitu kiwekwe fasi mingi, kila mahali, hata programu za mu ordinateur."

"Na wewe ukiita Njia, unakuwaka mu dossier gani, folda gani?"

"Ya bureau."

"Mule kuko moja?"

Nikasikia akibonyeza. "Iko. Mais ni ya zamani, tonton. Ya mbele, ya kabla bafunge barabara."

Mwenye phonie wa kule Beni akaingilia: "Baba wa Kampala, unafundisha ao unahubiri? Batu banangoja!"

"Bangoje! Ni mutoto wetu banataka kufunga!"

Sasa nisikilize, yaya, nawe utaelewa upesi kuliko hao wote. Programu haijiamshi. Kavira akibonyeza jina, jina hilo linakabidhiwa kwa maktaba ya mfumo, yaani zile kazi zilizoandikwa tayari ambazo programu zote huziazima. Maktaba ndiyo inayotafuta. Katika mashine ile inaangalia kwanza folda uliyosimama ndani yake. Ikikosa, inapita mahali ilipoelekezwa, hapa kisha pale. Ya kwanza kuitika jina ndiyo inayowashwa, na kutafuta kunaishia hapo. Haiulizi umri. Haiulizi kama barabara bado iko wazi.

Kwetu mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, atake asitake. Simama katika soko la Butembo uite "Kambale!" uone ni nani atageuka kwanza. Ni aliye karibu nawe. Ndugu yako labda yuko mbali anapima maharagwe. Ukinitaka mimi, sema Kambale wa nyumba fulani, kwa baba fulani. Mashine nayo ndivyo: ukiipa njia kamili ya faili, tangu mwanzo wa diski mpaka jina, haitafuti tena, inakwenda pale pale. Nilimwelekeza Kavira afanye hivyo kwa ile iliyopata habari mpya, na zile za zamani azifute. Karatasi ikatoka na barabara mpya. Nilimsikia akicheka katikati ya makamasi, na nikageukia ukuta ili watu wa phonie wasinione usoni.

Simtukani Alhaji. Alimpa mtoto wetu kazi wakati wengine walisema msichana ataharibu mashine. Na desturi ya kugawa mali katika nyumba nyingi imetuokoa sote: wakipora nyumba moja, mnakula ya nyingine. Lakini gunia haliitiki ukiliita. Programu inaitika, hata ya zamani.

Nisalimie shemeji, mumeo, na umwambie asiende Beni na hasira. Barua hii itatangulia. Nisalimie mama mdogo anayetunza mbuzi, na baba mkubwa wa Manguredjipa akipita. Wewe mwenyewe kula, tafadhali. Najua hujala.

Ukimaliza kusoma, mpe anayekwenda Beni aifikishe, maana haya ya mwisho ni yao. Alhaji: waite madereva wale wale, mahali pale pale, useme kwa sauti ile ile kwamba Kavira hakuuza njia, kisha umrudishe kwenye kiti chake. Nanyi madereva mliocheka: mkipita Bulengera, simamisheni gari, shukeni, mkamwambie mama yake.

Mdogo wako,
Kambale