Kona ya Bati la Mama Hawa

Dada Stela wangu,

Shikamoo kutoka Nyamirambo, Kigali, ambako mdogo wako ana mume, godoro jipya, na raha isiyoenea kwenye kadi! Kalisa wangu anajenga mtaa wetu mezani, dada, mtaa mzima mdogo kama sinia, jinsi vita vilivyouacha. Kuta ni maboksi ya sabuni, mapaa ni vipande vya kopo, na matundu ya risasi nayatoboa mimi kwa sindano. Anataka watoto wetu (ndiyo, ameshaanza kuwataja!) waone tulipoanzia.

Jana jirani yetu Mama Hawa, fundi cherehani, aliinama akaitafuta nyumba yake.

"Wewe Kalisa, bati yangu iko wapi?"

"Ilienda na bomu, mama. Mimi naweka kile kiko."

"Utaona!"

Tangu arudi kutoka ukimbizini analala chini ya turubai. Leo asubuhi akaja na bati kichwani, la kwanza alilopata, akaomba mkasi. Tulidhani anatania. Akalikata kona, akamkabidhi Kalisa. "Weka hii. Ya kopo sitaki."

Kalisa hakubisha. Aliezeka ile nyumba ya boksi kwa kona hiyo, nami nikampenda upya. Bati lenyewe sasa limefunika kitanda cha Mama Hawa, isipokuwa upande wa miguuni, ambako ameweka sufuria. Mvua inanyesha sasa hivi. Namsikia anacheka.

Mungu akufunike, dada, wewe na wanangu. Nakubusu mpaka wino uishe.

Mdogo wako, Agnesi